JENERALI MWENYE KIKO CHA GUNZI LA MAHINDI

Leo naomba tuweke pembeni siasa na mpira, tuongee habari ya gunzi. Ndiyo, gunzi, lile linalobaki ukishapukuchua mahindi. Huku kwetu Mara kazi zake zinajulikana: kuwashia moto, kuzibia mdomo wa galoni, na kazi nyingine ambayo waliokulia kijijini wanaijua na siwezi kuiandika hapa. Sasa kuna mtu mmoja alilitia gunzi mdomoni, akapigwa nalo picha, na picha ikazunguka dunia nzima.

Mtu huyo ni Jenerali Douglas MacArthur wa Marekani. Wengi mmeshaiona picha yake bila kujua jina. Kofia ina marembo ya dhahabu, macho yamefunikwa na miwani ya jua, na mdomoni kuna kiko kirefu cha gunzi. Kijiweni Bunda nimewahi kuwasikia washkaji wakibishana, huyu anasema ni mwanajeshi, yule anasema ni mwigizaji wa sinema. Jibu ni mwanajeshi, tena wa kweli kabisa. Ila mkifika mwisho mtaona waliosema mwigizaji nao hawakuwa mbali sana.

Na nimeona niandike kwa sababu sisi watu wa Mara habari za jeshi zinatuhusu. Ni familia chache huku zisizo na mjomba, kaka au binamu aliyepita jeshini. Kwa hiyo swali la jenerali anatakiwa aweje ni swali la nyumbani kwetu pia.

KIKO CHENYEWE

Kwanza tuelewane kuhusu hicho kiko. Mahindi na tumbaku asili yake ni bara la Amerika. Vilifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari miaka ya 1500, halafu vikapanda bara pole pole. Wazee wetu wakavizoea kama vile vilikuwepo siku zote. Wapo waliovuta kiko cha udongo, wapo wa ugoro, na wapo bibi zetu wa Kijaluo waliovuta sigara upande wenye moto ukiwa ndani ya mdomo. Ukimwona kwa mara ya kwanza unaweza kukimbia!

Kiko cha gunzi kilikuwa cha wakulima wa Marekani. Mwaka 1869 katika mji mdogo unaoitwa Washington, jimbo la Missouri (siyo ile Washington yenye Ikulu), fundi wa mbao mhamiaji kutoka Uholanzi aitwaye Henry Tibbe alianza kuchonga viko vya magunzi na kuviuza. Mwaka 1878 akapata hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake. Ubunifu wenyewe ni wa kawaida tu: gunzi linakaushwa mpaka linakuwa gumu kama mti, linatobolewa katikati, vishimo vya nje vinazibwa kwa plasta, linasuguliwa, linachomekwa mrija. Siku hizi magunzi yao yanakaa ghalani kama miaka 2 kabla ya kuguswa. Kampuni ikaitwa Missouri Meerschaum, na mpaka leo ipo. Meerschaum ni jiwe laini jeupe linalochimbwa Uturuki, ambalo matajiri walichongea viko vya bei mbaya. Yaani jina lenyewe ni kama utani, kwamba hili ndilo jiwe la thamani la maskini wa Missouri.

Sasa kwa nini watu walikipenda? Wavutaji wanasema gunzi ni jepesi, unaweza kulibana kwa meno huku mikono inafanya kazi. Halipati joto sana, linanyonya unyevu, na moshi wake haukaukii koo. Kiko cha mti kipya huwa kichungu mpaka kizoeane na moto, lakini cha gunzi unavuta siku hiyo hiyo uliyonunua. Na bei ni ya chini, kikiungua unatupa unachukua kingine. Hata Popeye yule baharia wa katuni kiko chake ni cha gunzi, na mwandishi Mark Twain naye alikuwa mpenzi wake mkubwa.

Lakini utamu wake mkubwa hauko kwenye moshi, uko kwenye maana. Mmarekani akiona kiko cha gunzi anaona mkulima amekaa barazani baada ya kazi. Anaona mtu wa kawaida asiye na makuu. Hapo ndipo jenerali wetu anapoingia.

MTOTO WA KAMBINI

MacArthur hakuwa mtu wa kawaida hata siku moja. Alizaliwa tarehe 26 Januari 1880 ndani ya kambi ya jeshi, Little Rock, jimbo la Arkansas. Baba yake, Arthur MacArthur, alikuwa shujaa wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, akaja kuwa jenerali na kuitawala Ufilipino kijeshi mwaka 1900 hadi 1901. Mama yake alimpenda na kumsukuma kiasi kwamba kijana alipoingia chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1899, mama naye alihamia hoteli ya jirani ili awe karibu na mwanae! Dogo hakumwangusha. Mwaka 1903 alimaliza akiwa wa kwanza darasani.

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Ufaransa na kikosi cha 42, na huko alionyesha ushujaa ambao hata maadui zake hawakuupinga. Alikwenda mstari wa mbele mwenyewe, akarudi na medali kibao. Mwaka 1930 akawa Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani.

Doa la kwanza likaja mwaka 1932. Uchumi ulikuwa umeanguka, na maelfu ya wanajeshi wastaafu waliopigana Ufaransa walikuja Washington kudai malipo yao ya vita ambayo serikali ilisema itawalipa mwaka 1945. Walipiga kambi na wake zao na watoto. Tarehe 28 Julai MacArthur alitoka mwenyewe, kifua kimejaa medali, akawatimua kwa vifaru, farasi na mabomu ya machozi. Rais Hoover alituma amri kwamba jeshi lisivuke daraja kwenda kambi kubwa ya wastaafu. Akavuka. Kambi ikateketea kwa moto. Waliofukuzwa walikuwa askari wenzake wa Ufaransa. Msaidizi wake siku hiyo alikuwa meja mmoja anaitwa Dwight Eisenhower. Likariri hilo jina.

UFILIPINO: KUONDOKA NA KURUDI

Mwaka 1935 alikwenda Ufilipino kulijenga jeshi la nchi hiyo, wakampa cheo cha fildimashali. Ile kofia yenye dhahabu ndiyo ilitoka huko. Hebu fikiria, kichwani amevaa kofia ya kifalme, mdomoni ana kiko cha mkulima. Kofia inasema mimi ni mkubwa wenu, kiko kinasema mimi ni mwenzenu. Ukiviweka pamoja kwenye picha moja, nani atabisha?

Desemba 1941 Japani ilishambulia. Saa kadhaa baada ya habari za Pearl Harbor kumfikia, ndege zake nyingi zilikutwa chini uwanjani na kuharibiwa. Majeshi yake yakarudi nyuma mpaka rasi ya Bataan, yeye akawa kwenye kisiwa cha Corregidor. Askari wa Bataan walikuwa na njaa na malaria, na kamanda wao aliwatembelea mara moja tu. Wakampachika jina la utani la mtu wa kujificha handakini, wakamtungia na wimbo wa kumkejeli.

Tarehe 11 Machi 1942, kwa amri ya Rais Roosevelt, aliondoka usiku kwa boti ndogo ya vita na familia yake, kisha akapanda ndege kwenda Australia. Alipofika akaahidi mbele ya dunia kwamba atarudi. Tarehe 9 Aprili Bataan ikasalimu amri, na watu kama 75,000, wengi wao Wafilipino, wakatekwa. Maelfu walikufa kwenye matembezi ya kulazimishwa kwenda kambini. Yeye akapewa Medali ya Heshima, nishani kubwa kuliko zote kwao. Na kuna jambo lilikuja kujulikana mwaka 1979, yeye akiwa kaburini tayari: mwanzoni mwa 1942 Rais Quezon wa Ufilipino alimlipa dola 500,000. Zilikuwa pesa za kutisha wakati ule, na askari wake walikuwa wanakula nusu posho.

Tuwe wa haki lakini. Ahadi aliitimiza. Tarehe 20 Oktoba 1944 alishuka kisiwa cha Leyte akitembea ndani ya maji mpaka magotini, wapiga picha wako mbele yake. Wafilipino walimpokea kama mkombozi, na mpaka leo wengi wanamheshimu. Bei ya ukombozi ilikuwa kubwa, maana vita ya Manila ya Februari na Machi 1945 iliua raia kama 100,000.

Hapa niseme kitu kwa watu wa kwetu. Miaka hiyo hiyo maelfu ya vijana wa Tanganyika walikuwa kwenye jeshi la KAR la Waingereza, wakipigana na Wajapani hao hao kwenye misitu ya Burma. Wao walipigana upande wa pili wa Asia, siyo chini ya MacArthur. Walirudi nyumbani na hadithi zao, wakakaa na viko vyao chini ya miti, na hakuna aliyewapiga picha ya kuzunguka dunia. Nikiona jinsi gunzi moja la Missouri lilivyo maarufu, nawakumbuka hao wazee.

JAPANI

Siku ya kiko ilikuwa tarehe 30 Agosti 1945. Ndege ya MacArthur ilitua uwanja wa Atsugi, Japani, kabla hata hati ya kusalimu amri haijasainiwa. Nchi ilikuwa bado imejaa askari wenye silaha. Mlango ukafunguliwa, akatokea juu ya ngazi bila bastola, miwani usoni, kiko cha gunzi mdomoni, akasimama kidogo akiangalia huku na huku kama mtu aliyefika shambani kwake. Kisha akashuka taratibu. Watu waliosomea mambo ya vita wanaihesabu siku ile kuwa ya ujasiri mkubwa, na mimi nakubali. Siku 3 baadaye, tarehe 2 Septemba, Japani ikasaini juu ya manowari inayoitwa Missouri, jina lile lile la jimbo lililochonga kiko.

Aliisimamia Japani mpaka mwaka 1951, na hapa ndipo naona alifanya kazi nzuri kuliko zote maishani mwake. Chini yake wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1946 na 39 kati yao wakaingia bungeni. Katiba mpya ikaanza kazi tarehe 3 Mei 1947. Mashamba ya mabwanyenye wasiolima yakanunuliwa na serikali na kuuzwa kwa bei nafuu kwa wakulima waliokuwa wakiyakodi. Jenerali mwenye kiko cha mkulima akawapa wakulima ardhi. Hilo lazima tumpe.

KOREA NA MTU WA MISSOURI

Tarehe 25 Juni 1950 Korea Kaskazini ikaivamia Kusini. MacArthur, miaka 70 sasa, akapewa kuongoza majeshi ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 15 Septemba alishusha askari Inchon, bandari ambayo maji yake yanapanda na kushuka zaidi ya mita 9, mahali ambapo karibu kila mtu alimwambia haiwezekani. Ikawezekana. Adui akakatwa nyuma, Seoul ikarudi. Dunia ikampigia saluti.

Na hapo ndipo ushindi ukamlevya. Mwezi Oktoba alimhakikishia Rais Truman kwamba China haitaingia vitani. Mwishoni mwa Novemba Wachina kama 300,000 wakamshukia, na majeshi yake yakarudishwa mbio kwenye baridi kali. Akataka vita ipanuliwe, China yenyewe ipigwe. Truman akakataa, aliogopa vita ya tatu ya dunia. Badala ya kutii, jenerali akaanza kuongea na magazeti na kuwaandikia wabunge wa upinzani dhidi ya sera ya rais wake.

Sasa Truman ni nani? Ni mtoto wa Missouri. Tena kabla ya siasa alilima kweli, kama miaka 10 kwenye shamba la familia yake. Hakusoma West Point, hakumaliza chuo kikuu, na hakuwa na sura ya kupiga picha. Tarehe 11 Aprili 1951 mkulima huyu wa kweli alimfukuza kazi jenerali mwenye kiko cha mkulima. Habari zilitangulia kwenye redio kabla MacArthur hajapata barua.

Marekani ikawaka moto. Jenerali alirudi nyumbani akapokelewa New York na mamilioni ya watu, na Truman akazomewa. Picha ilikuwa imeshinda! Lakini ngojeni. Bunge likakaa, likahoji, na majenerali wakubwa wenzake wakasema rais alikuwa sahihi. Kelele zikapungua mwezi baada ya mwezi. MacArthur aliutaka urais, chama chake kikamchagua mwingine, na huyo mwingine akashinda mwaka 1952. Ni Eisenhower, yule meja msaidizi wake wa 1932! MacArthur akaishi hotelini New York mpaka alipofariki tarehe 5 Aprili 1964, akiwa na miaka 84. Amezikwa Norfolk, jimbo la Virginia.

SASA SISI INATUHUSU NINI?

Angalieni mwaka aliokufa, 1964. Tarehe 20 Januari mwaka huo huo, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walitaka mishahara mikubwa na maofisa Waingereza waondolewe. Kwa siku kadhaa nchi ya Mwalimu Nyerere ilikuwa mkononi mwa watu wenye bunduki, mpaka akalazimika kuwaomba Waingereza waje kuwazima, jambo lililomuuma. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ. Yaani swali alilouliza Truman mwaka 1951 lilikuja kutuuliza na sisi: bunduki inamtii nani?

Butiama imetoa majibu mawili. La kwanza ni Mwalimu mwenyewe, ambaye naye alikuwa na alama yake, ile fimbo. Fimbo ni ya mchungaji na mzee wa kijiji, kama gunzi lilivyo la mkulima. Tofauti ni kwamba mwaka 1985 aliachia madaraka, akarudi Butiama kulima. Ukienda makumbusho yake pale kijijini, yaliyofunguliwa mwaka 1999, utaona vitu vyake vya maisha ya kawaida. Alama ililingana na mtu.

La pili ni Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliyeingia KAR mwaka 1942. Aliongoza Divisheni ya 20 kwenye vita ya Kagera, jeshi letu likamng'oa Idi Amin mwaka 1979. Angeweza kuvimba kichwa. Badala yake akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, akastaafu, akarudi kijijini, akaishi kimya mpaka Oktoba 2024 alipofariki na miaka 104. Vijana wangapi hapa Musoma mnaijua sura yake? Lakini ya MacArthur mnaijua.

Sisemi MacArthur alikuwa mtu mbaya. Alikuwa jasiri, alikuwa na akili nyingi, na Japani ya leo ina alama za mkono wake. Ninachosema ni kwamba kiko kilikuwa kinasema kitu ambacho mwenyewe hakuwa. Aliyemiliki sigara za bei, viko vya mti mzuri na nusu milioni ya dola alichagua kupigwa picha na gunzi, kwa sababu alijua macho ya watu yanataka nini. Nasi kila uchaguzi tunaona ya kwetu: mheshimiwa anakula mihogo kwa mama lishe, anapanda bodaboda, anashika jembe dakika 2, kamera zikiondoka naye ameondoka. Hilo ndilo gunzi. Usiulize ameshika nini mkononi, uliza alimtii nani alipokuwa na nguvu, na waliokuwa chini yake walikula nini siku ya njaa.

Na la mwisho, mura wangu, usije ukasema umeisoma hapa ukaenda kutoboa gunzi. Jamaa alifika miaka 84, sawa, lakini tumbaku ya kiko inaleta saratani ya mdomo na koo kama nyingine yoyote, na Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaokufa kwa tumbaku kila mwaka. Gunzi acha liwashe moto, tupike ugali.

Wenye babu aliyekwenda Burma au Madagaska na KAR, hasa wa vijiji vya Butiama na Bunda, tupieni hadithi zao kwenye maoni hapo chini. Hizo ndizo picha tunazokosa.

Naomba kuwasilisha.